Kulifuata Neno Hadi Chanzo Chake

Msomaji wangu, ukitoka katika lango la Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ukaingia katika Mji wa Kale wa Mombasa, hutembei mwendo mrefu kabla ya kufika mtaa wa Kibokoni. Vichochoro vyake ni vyembamba hata watu wawili wenye mizigo hawana budi kuombana radhi ndipo wapishane. Nyumba zimesimama bega kwa bega. Baadhi yake zina milango ya nakshi na roshani za mbao, na mbele ya nyingine pana baraza za mawe ambapo wazee huketi baada ya sala ya alasiri. Katika mji huo huo iko barabara iitwayo Ndia Kuu. Kama umejifunza Kiswahili katika vitabu vya shule peke yake, huenda ukadhani kwamba aliyeandika kibao alikosea, na kwamba alitaka kuandika Njia Kuu. Hakukosea. Njia ni ndia kwa Kimvita, yaani Kiswahili cha wenyeji wa Mombasa, kama vile nchi ilivyo nti, jicho lilivyo jito, na njaa ilivyo ndaa.

Nimeanza na jina la barabara kwa sababu nataka kukueleza habari ya neno moja dogo lililonitia aibu nilipokuwa mwanafunzi wa umri wako. Aibu yangu si kitu cha kukumbukwa na mtu mwingine. Lakini njia niliyopitishwa ili kuisahihisha imenifundisha historia nyingi kuliko insha niliyoiharibu.

Mwalimu wetu alituagiza tuandike juu ya vita vya Mombasa katika zama za Mazrui. Ukoo huo uliutawala mji mpaka mwaka 1837, wakati Seyyid Said bin Sultan alipoutia mkononi baada ya kuushambulia mara kwa mara kwa miaka mingi. Nilitafuta habari ambayo wenzangu hawangeipata, nikaazima kwa jamaa yangu daftari moja. Ndani yake mtu fulani alikuwa amenakili kwa herufi za Kirumi barua kadha za ukoo zilizoandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu. Katika nakala ya barua moja palikuwa na maneno haya: “Wageni wakaingia nyumbani, wakateka hata ...... yakawatoka.” Mwenye kunakili alishindwa kulisoma neno moja, akaweka nukta mahali pake. Tarehe haikuandikwa.

Nilifungua kamusi. Nilisoma kwamba kuteka ni kuchota maji kisimani, na kwamba kuteka ni pia kunyang'anya watu au mali kwa nguvu, na kutokana na maana hiyo tumepata neno mateka. Habari ya maji haikuelekea. Basi nikachukua maana ya pili, nikaziba pengo kwa neno mali, maana mali yaliafikiana vema na “yakawatoka”. Nikaandika katika insha yangu, kwa fahari kubwa, kwamba adui waliingia katika nyumba za watu wa Mombasa wakateka hata mali yote yakawatoka wenyewe. Mwalimu alinipa alama nzuri. Hakuna hata mmoja darasani aliyekuwa na ushahidi kama wangu.

Sasa tuliache daftari hilo kwa kitambo, msomaji, tuitazame kamusi yenyewe. Sisi wanafunzi huifungua kamusi kama mtu afunguaye bomba la maji: hutaka maji yatoke, wala hatuulizi mto uko wapi. Walakini kila kamusi ina mto wake, na mito ya kamusi za Kiswahili yajulikana.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari wa Kiingereza, aliingia Mombasa mwaka 1844. Mkewe alifia hapo miezi michache baadaye. Yeye alibaki, akaanza kukusanya maneno kwa watu wa Mombasa na wa Rabai, na kazi hiyo aliiendea kwa miaka mingi. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mnamo 1925 kamusi hiyo ilitolewa tena, ikiwa imesahihishwa na kupangwa upya na Binns. Huo ni mto mmoja, nao chemchemi yake ni Mombasa.

Mto wa pili ulianza Unguja. Edward Steere, aliyekuwa baadaye askofu huko, alitoa mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Baada yake Madan, wa chama kile kile, alitunga kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotoka mwaka 1903. Basi kwa nusu karne palikuwa na Kiswahili cha vitabu kilichotazama Mombasa, na kingine kilichotazama Unguja. Na serikali za kikoloni, zilizotaka vitabu vya namna moja kwa shule za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, hazikupendezwa na jambo hilo. Mwaka 1928 palifanyika mkutano wa kuamua. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Na mkutano ulifanyika wapi? Mombasa! Wako watu wa Mji wa Kale ambao hata leo hawalitaji jambo hilo bila kutikisa kichwa.

Kamati ya Lugha ilianza kazi mwaka 1930, na katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, akaishika kamusi ya Madan akaifanya kuwa msingi wa kamusi mpya. Johnson alifariki kabla ya kuiona. Ilitoka mwaka 1939. Kazi za kamati zilirithiwa na chuo cha uchunguzi wa Kiswahili kilichokuwa Dar es Salaam tangu 1964, na kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiswahili ikatolewa mwaka 1981. Sikusimulii haya ili uidharau kamusi. Bila ya kiwango kimoja, mtoto wa Kisumu na mtoto wa Mtwara wasingesoma kitabu kimoja. Nataka uone tu kwamba nilipotafuta maana ya neno la barua ya Mombasa, nilikwenda kwenye kitabu ambacho mizizi yake iko Unguja, na kilinijibu kwa uaminifu juu ya neno jingine.

Kwani tazama kamusi hutupa nini. Hutupa umbo la neno. Hutuambia ni jina au kitendo, liko katika ngeli gani, wingi wake ni upi. Halafu hutupa maana kwa maneno machache. Yaani hutupa aina ya neno na mipaka yake. Haituambii ni nani aliyelisema, siku gani, kwa uso wa furaha au wa hasira. Hayo yamo katika maandishi ambayo neno lilitoka, nayo hukaa mahali pengine.

Yafaa nikupe mfano wa siku zetu, kwa kuwa najua baadhi yenu mmekwisha kuanza kujifunza kuandika programu za kompyuta. Mafundi wa kazi hiyo hutumia kitu wakiitacho maktaba, yaani mkusanyo wa kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine ili mtu asianze kila jambo upya. Katika lugha ya TypeScript, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2012, maktaba kama hiyo aghalabu hufuatana na faili la fasili za aina. Ndani ya faili hilo huoni kazi ikifanywa. Huona jina la kazi, namna ya vitu inavyovipokea, na namna ya kitu inachokirudisha; basi. Ni kamusi kamili! Fundi akitaka kujua neno limefasiliwa wapi, mashine humpeleka kwenye kamusi hiyo. Na pale programu yenyewe ilipo, mara nyingi ni nakala iliyogeuzwa na kubanwa, majina marefu yamekatwa yakawa herufi moja moja, na maelezo ya mwandishi yametupwa ili faili liwe jepesi. Mafundi walilalamika kwamba wanaulizia chanzo na kupewa fasili. Mwaka 2022, katika toleo la 4.7, iliongezwa amri ya pekee ya kuivuka fasili na kwenda kwenye faili ambalo kazi imeandikwa hasa. Iko pia desturi ya kuiambatisha nakala iliyobanwa na ramani ya chanzo, ioneshayo kila kipande kilitoka mstari gani wa maandishi ya asili. Daftari langu la barua halikuwa na ramani.

Lakini Mombasa ina maandishi mengine ambayo ramani yake twaweza kuichora, nayo ni mashairi ya Muyaka bin Haji.

Muyaka alikuwa mtu wa Mombasa, na husemwa kwamba aliishi tangu karibu ya mwaka 1776 mpaka karibu ya 1840. Aliziona siku za mwisho za utawala wa Mazrui, akazitungia mashairi ya vita, ya siasa, ya mapenzi, ya njaa, ya majibizano na ya mzaha. Kabla yake tungo nyingi zilizohifadhiwa ni tenzi za dini na mawaidha. Kwa hiyo imekuwa kawaida kusema kwamba yeye aliutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Ukimtaka leo utapewa kitabu. Huenda ukapewa kile cha Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichotolewa mwaka 1979, chenye mashairi, tafsiri na maelezo ya maisha ya Mombasa ya wakati ule. Nyuma yake kiko cha William Hichens, Diwani ya Muyaka, kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwaka 1940. Hapo umekwisha kurudi nyuma hatua mbili, nawe bado umo katika herufi za Kirumi zilizopigwa chapa, mbali na Mombasa, na mtu ambaye Kiswahili si lugha ya mama yake.

Hichens alizipata wapi tungo hizo? Alizipata katika karatasi za Mchungaji William Ernest Taylor, aliyekaa Mombasa katika miaka ya 1880 na baadaye, akawa mmoja wa wageni wachache sana waliokitega sikio Kimvita sawasawa. Mwaka 1891 Taylor alitoa kitabu cha methali za Waswahili, na katika kitabu hicho alitumia alama za kuonesha sauti ambazo wageni wengine hawakuzisikia. Maana Kimvita kina t mbili, moja ya ulimi kugusa meno na nyingine ya ulimi kurudi nyuma kidogo. Tena kina pumzi katika baadhi ya herufi: paa la nyumba halina pumzi, lakini paa wa mwituni anayo, kaa la moto halina, lakini kaa wa baharini anayo, tembo la mnazi halina, bali tembo mwenye mkonga anayo. Tahajia yetu ya shule huyaandika yote kwa namna moja, na mwanafunzi hubaki kutazama ngeli ili ajue kama anapikia au anabanwa kidole.

Taylor alifariki mwaka 1927. Karatasi zake ziliingia katika maktaba ya chuo cha London cha mafunzo ya nchi za Mashariki na Afrika, kijulikanacho kwa jina la SOAS, na huko ziko mpaka leo. Lakini hata Taylor hakuwa mwanzo. Mwenye kuzikusanya tungo za Muyaka kwa mkono wake alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Yeye ndiye aliyeandika, kwa herufi za Kiarabu, na kuzieleza. Hapa nakuomba usimame, msomaji. Jina la Hichens limo katika jalada, na jina la Taylor limo katika orodha ya maktaba. Jina la Sikujua huonekana na yule tu anayekwenda nyuma mpaka karatasi yenyewe. Naona ni haki tulitaje kwa sauti kubwa.

Naye Sikujua alizipata wapi? Muyaka alikuwa amekufa miaka 40 au zaidi. Mashairi yake hayakuwa yakisubiri katika sanduku, safi na kamili, kwa mkono wa mtungaji. Yalikuwa katika vinywa vya watu: wazee waliowasikia baba zao wakiyaimba, watu walioyakumbuka kwa sababu yaliwasifu mababu zao au yaliwatukana. Basi ukiifuata ramani mpaka mwisho, kutoka kitabu cha 1979 hadi kitabu cha 1940, hadi karatasi za Taylor, hadi mwandiko wa Sikujua, unajikuta umekaa barazani tena, katika Mji wa Kale, ukimsikiliza mzee.

Na huo mwandiko wenyewe si jambo la kusomwa na kila mtu ajuaye herufi. Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya Krapf kutia mguu hapa, wakaandikia tenzi, barua, mikataba ya kuuza mashamba na hesabu za majahazi. Lakini herufi za Kiarabu zilifanywa kwa lugha ya Kiarabu, yenye irabu tatu, na sisi tunazo tano. Alama ya kasra hutumika kwa i na kwa e. Dhamma hutumika kwa u na kwa o. Herufi ya ba aghalabu ilibeba b, na p, na hata mb, kwa kuwa sauti ya m iliyotangulia haikuandikwa kila mara. Hebu fikiri: mtu ameandika ba yenye fataha, na ta yenye fataha. Je, amesema bata, au pata, au mbata za nazi? Kama habari ni ya jikoni, unaweza kukosea bila kujua. Mwalimu Sikujua aliyaona matatizo hayo, akajaribu kuziongezea herufi alama ili zizitenge sauti za Kimvita. Wengi waliomtangulia hawakuona haja. Waliandika kwa ajili ya watu waliokwisha kuijua lugha; msomaji alitazamiwa kuleta nusu ya neno kutoka kichwani mwake.

Sasa turudi Kibokoni.

Jirani wa baba yangu alikuwa mwalimu wa chuoni, mzee aliyesomesha watoto wa mtaa kwa miaka mingi. Alisikia kwamba nimepata alama nzuri kwa kuandika habari za ukoo ambao ulikuwa na nasaba na ukoo wake, akataka kuiona insha. Nikampelekea kwa furaha. Alikuwa ameketi barazani, miwani puani.

“Shikamoo, Maalim.”

“Marahaba, mwanangu. Ndoo, keti.”

Alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole. Alipofika pale pa adui na mali, alisimama. Alirudia kusoma. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikadhani amepatwa na kikohozi.

“Vita hivi umevitoa wapi?” akauliza.

Nikamwambia habari ya daftari, na nukta, na kamusi. Hakunikemea. Aliingia ndani, akatoka na kasha dogo la mbao lenye karatasi zilizokunjwa, maana barua za asili alikuwa akizitunza yeye. Na mimi kwa siku zote zile nilikuwa nikipita mbele ya mlango wake nikienda kuiazima nakala mbali. Akafungua moja, akaiweka gotini, akaitafuta sentensi.

“Haya, hapa. Wageni wakaingia nyumbani, wakateka hata matozi yakawatoka.” Akanitazama. “Hapana vita hapa, mwanangu. Ni watu wateka. Nyinyi shuleni mwasema kucheka. Na matozi ni machozi. Watu wamecheka hata wakatokwa na machozi. Sasa wewe umewaua.”

Akanionesha jambo lililompata aliyenakili. Herufi ya za ina umbo moja na ra, ila za ina nukta juu yake. Mdudu alikuwa amelitoboa karatasi mahali pa nukta hiyo. Kwa hiyo mtu yule aliona neno lililosomeka maturi au matori, hakulitambua, na kwa uaminifu akaweka pengo. Sikumlaumu hata kidogo. Aliacha wazi asichokijua. Ni mimi niliyelijaza pengo, nikalijaza mali.

Lakini kwa nini wageni walicheka? Hilo nalo lilikuwamo katika barua, katika sentensi iliyofuata, nayo haikunakiliwa kabisa. Ilikuwa siku ya arusi, na bwana arusi alikuwa amelivaa joho lake ndani nje, wala hapana aliyemwambia mpaka wageni walipoingia. Nadhani mwenye kunakili aliona kwamba joho la mtu si jambo la historia. Mwanzo wa barua, wenye salamu ndefu za kuuliza hali za mashangazi na majirani kwa majina, nao ulikatwa. Na mwisho wake, penye jina la mwandishi na tarehe, ulikatwa pia. Tarehe ilikuwa ya mwaka 1309 wa Hijra, yaani kati ya 1891 na 1892. Utawala wa Mazrui katika Mombasa ulikuwa umekwisha kwa zaidi ya nusu karne! Mwandishi wa barua, kama alizijua habari za vita vyangu, alizijua kwa kusimuliwa na wakubwa wake.

Nilimwuliza Maalim kama barua nyingine za namna hiyo ziko mtaani. Akasema zilikuwa nyingi. Nyingine ziliharibiwa na mvua na mchwa, nyingine zilitupwa na vijana walipohama au walipojenga upya, kwa kuwa hawakuweza kuzisoma wakadhani ni karatasi tu. Naye alitaja jambo ambalo sikulifahamu vema mpaka nilipokuwa mtu mzima: kwamba karatasi ikipotea hasara ni moja, na msomaji wake akipotea hasara ni ya karatasi zote zilizobaki.

Tangu wakati ule yamefanyika mambo. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, alifanya kazi ndefu huko London juu ya maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na Frankl. Mwanzoni mwa karne hii maktaba ya SOAS ilianza kuipanga upya miswada yake ya Kiswahili na kuipiga picha, hata leo mwanafunzi aliyeketi Kibokoni aweza kuifungua baadhi yake katika intaneti bila nauli ya ndege. Picha hizo ni safi. Ukizikuza unaona mpaka mahali kalamu ilipoishiwa wino. Lakini picha haitamki. Ukiweka mbele yake watoto 100 wa shule zetu, utampata nani wa kukuambia kama ile ni bata au mbata? Somo la kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu halimo katika ratiba zenu. Wengi wenu mliosoma Kurani mnazijua herufi, na wengi wenu wa pwani mnaijua lugha ya bibi zenu, ila vitu hivyo viwili mmevipata katika nyumba mbili na hapana aliyewaambia kwamba vyaweza kukutanishwa.

Siku ile Maalim hakuniruhusu kuondoka upesi. Alinipa kalamu ya risasi na karatasi, akaniagiza ninakili barua nzima, salamu kwa salamu, naye akinisomea. Kila nilipoandika njia alinirudisha: “Ameandika ndia. Andika ndia.” Nilipotaka kukiruka kipande cha joho, akakigonga kwa kidole. Adhuhuri ilitukuta hapo hapo.

Ubavuni mwa ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko mdogo zaidi, palikuwa na orodha ya vitu vya kupelekwa kwa upande wa bibi arusi. Udi, akasoma. Marashi. Halua. Kisha akafika kwenye neno la nne, akanyamaza. Alilisogeza karibu na mwanga. Alilisoma kwa b, akalisoma kwa p, akatia m mbele yake, akajaribu i, akajaribu e. Yote yalitamkika, wala hapana hata moja aliloweza kuniambia ni kitu gani.

“Hili ni la mambo ya wanawake,” akasema mwishowe. “Miye sikukaa katika vyumba vyao. Nyanya yako yuko?”

“Yuko, Maalim. Yuko Kuze.”

“Liandike vyote vitano ulivyonisikia, ukamsomee kimoja kimoja. Usimwambie wewe wadhani ni nini. Msomee tu, umtazame uso.”

Nikalikunja karatasi, nikavaa viatu, nikashika ndia ya Kuze.